MASHINE ILIYOKATAA KULALA

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na tumeitungia insha nyingi, lakini kila mara tumeizungumzia kana kwamba ni ya wanadamu peke yao. Leo, wasomaji wapendwa, nataka niitumie kuzungumzia tarakilishi. Msicheke kwanza. Nisomeni hadi tamati, kisha mcheke mkitaka.

Maradhi yenyewe ni haya. Unaamrisha kipakatalishi kizimike. Kiwambo kinakuwa cheusi, feni inanyamaza, taa ndogo ya pembeni inazimika. Kabla hujamaliza kushukuru, taa inawaka tena, feni inavuma, na mashine inaanza upya kana kwamba ndiyo kwanza kumekucha. Unaizima tena, inaamka tena. Ukiuliza mitaani utapata majibu mengi kuliko watu uliowauliza. Huyu atasema ni virusi, yule atasema ni betri, na fundi atasema bodi imekufa.

Nina sababu ya kuandika haya. Mwezi wa Juni mwaka 2025, nilipokuwa Kidato cha Pili, maradhi hayo ya mashine nusura yanitoe katika shule hii. Haikuwa kwa ajili ya karo wala utovu wa nidhamu. Ilikuwa ni kwa kudhaniwa mwongo nyumbani.

Sisi wanafunzi wa kutwa hatuna bweni la kukimbilia. Shule yetu inaanzia pale tunapolala. Wazazi wangu wanalima upande wa Taveta, nami nakaa kwa Shangazi hapa Voi ili niweze kufika darasani kwa miguu. Shangazi akinirudisha kwa wazazi leo, kesho sina shule. Yeye si mtu mkali, na hula yake huila pamoja na jirani. Lakini riziki yake yote imo ndani ya kipakatalishi kimoja alichokinunua mtumba mwaka 2022.

Kwa hicho huwachapia watu barua, wasifu wa kuombea kazi na vijitabu vya mazishi. Ifikapo Juni huwajazia watu ritani za kodi, kwa maana siku ya mwisho ya kuziwasilisha ni tarehe 30 ya mwezi huo, na Mkenya hapendi kufanya jambo mapema. Siku nyingine hufanyia kazi kibandani karibu na steji, ambako kuna stima. Siku mbili kwa wiki huketi chini ya mwarobaini nje ya soko, ambako hakuna hata waya. Huko tegemeo lake ni betri. Ikijaa, hupata saa tatu za kazi. Ikiwa tupu, hurudi nyumbani na kiti chake cha plastiki na njaa yake.

Kila jioni alikichaji hadi asilimia 100, akakizima, akafunga kifuniko papo hapo na kukitia mkobani. Kila asubuhi alikikuta kina joto na betri imekauka. Mkoba huo ulikuwa ukikaa sebuleni, na anayelala sebuleni ni mimi.

"Wewe, jana usiku ulikuwa unaangalia nini kwa hii laptopu?"

"Sikuigusa, Shangazi."

"Haukuigusa. Sasa imemalizwa moto na nani? Na paka?"

Nilinyamaza. Ungejibu nini? Mashine iliyozimwa haili betri, kila mtu anajua hivyo. Mtu mwenye mikono ndiye huila. Na katika nyumba ile wenye mikono tulikuwa watatu: Shangazi, mwanawe wa miaka minne, na mimi.

Siku ya tatu Shangazi aliuchukua mkoba akalala nao chumbani mwake, mlango ukiwa na komeo. Asubuhi betri ikawa tupu vilevile. Nilidhani sasa nimeokoka. Wapi! Jirani yetu mmoja alimshauri kwamba watoto wa siku hizi hufungua komeo kwa kijiko, na kwamba kama si mtoto basi mwenye mashine wa kwanza alikuwa mtu wa usiku. Shangazi hakuamini hilo la pili. La kwanza lilimkaa moyoni. Ijumaa hiyo akaniambia kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ndiyo mbaya zaidi, "Sitaki kugombana na mtoto wa ndugu yangu. Jumapili nitampigia baba yako simu aje akuchukue."

Alikuwa pia amekipeleka kipakatalishi kwa fundi mmoja mjini. Fundi alikishika, akakigeuza, akakinusa, na bila hata kufungua msumari mmoja akatamka kwamba bodi imekwisha. Akaitisha shilingi 7,000. Shangazi hakuwa nazo. Na hata kama angekuwa nazo, mwezi wa Juni ungepita mashine ikiwa mezani kwa fundi.

Ijumaa hiyohiyo tulikuwa na kipindi cha somo la Kompyuta. Niliinua mkono nikauliza kama tarakilishi iliyozimwa inaweza kujiwasha yenyewe. Darasa zima likacheka, na kuna mmoja wetu nyuma aliyeigiza sauti ya jini. Mwalimu hakucheka. Aliuliza, "Inajiwasha baada ya muda gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nenda ukatazame kwanza. Usitibu kabla ya kupima. Na ukipima, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, uandike kilichotokea."

Kisha akatueleza, na hapa ndipo kicheko kilipoisha, kwamba neno 'kuzima' siku hizi halina maana moja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna mtindo wa kuwasha haraka. Ukibonyeza amri ya kuzima, mashine hufunga kazi zako, lakini kiini cha mfumo hakiondoki. Hunakiliwa katika faili kwenye diski ili kesho kiamke upesi bila kuanza mwanzo. Ni kama mwalimu wa zamu anayeacha ubao haujafutwa ili kesho aendelee alipoishia. Ajabu ni kwamba ukichagua kuanzisha upya badala ya kuzima, ndipo ubao unafutwa wote. Ndiyo sababu kasoro nyingine huponywa kwa kuanzisha upya wala haziponywi kwa kuzima.

Akatutajia wanaoweza kuiamsha mashine. Wa kwanza ni huo mtindo wa kuwasha haraka ukigongana na kifaa fulani. Wa pili ni vifaa vya nje, kama kipanya au kadi ya mtandao, ambavyo huweza kupewa ruhusa ya kuiamsha. Wa tatu ni kitufe cha kuwashia kilichokwama au bodi yenye hitilafu. Wa nne ni ajali inayotokea wakati wa kuzima. Mfumo ukianguka ukiwa njiani kuzimika, hauzimiki, hujianzisha upya. Tangu siku za Windows XP ya mwaka 2001 ndivyo ulivyoagizwa kufanya usipobadilishiwa amri.

Nilitoka darasani nikiwa na daftari lenye kurasa mbili za maelezo, na siku moja tu kabla ya Jumapili.

Jumamosi usiku, baada ya chakula, nilimwomba Shangazi jambo moja. "Shangazi, tafadhali izime mwenyewe, kwa mkono wako. Lakini usifunge kifuniko. Tuketi tuitazame."

Alinitazama kwanza mimi. Kisha akakizima. Kiwambo kikawa cheusi, taa ikazimika. Nilihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Shangazi alikuwa ameanza kuinuka. Nilipofika saba, taa ikawaka na feni ikavuma.

Shangazi hakusema neno. Alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. "Zima tena," akasema. Akakizima mwenyewe mara tatu, na mara zote tatu kikaamka. Kumbe kila usiku alikuwa akifunga kifuniko kabla ya zile sekunde saba! Mashine ilikuwa ikiamkia ndani ya mkoba, gizani, ikimngojea mtu aandike neno la siri. Tena alikuwa ameiagiza isilale yenyewe, kwa maana wateja wake wengi ni watu wa kusema polepole, naye hakupenda kiwambo kizime katikati ya barua. Basi ikawa inakesha hadi betri ikauke.

Lakini kujua kwamba inaamka si kujua kinachoiamsha. Nilifungua daftari, tukaanza kupima. Nayaandika majaribio kwa utaratibu ili mwenye shida kama yetu ayafuate.

Jaribio la kwanza. Baada ya kuhifadhi kazi zote, tulikishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Mashine ikazimika, na ikabaki imezimika. Hii si njia ya kutumia kila siku, kwa maana huweza kuharibu faili. Lakini ilitupa habari kubwa: kitufe hakijakwama, na bodi inaweza kukaa imezimika ikikatiwa umeme. Ile shilingi 7,000 ya fundi ilianza kuonekana si lazima.

Jaribio la pili. Tulichomoa kila kitu: kipanya, waya wa printa, flashi na chaja. Tukazima. Ikaamka. Basi wageni wa nje hawana hatia.

Jaribio la tatu. Tulishikilia kitufe cha Shift huku tukibonyeza amri ya kuzima. Ukifanya hivyo mashine huacha ule mtindo wa haraka na huzimika kabisa. Ikaamka. Basi mtindo wa haraka nao hauna hatia.

Jaribio la nne. Tuliiwasha katika hali salama, ambapo mfumo huamka na programu za lazima tu na kuwaacha nje wote walioongezwa baadaye. Tukazima. Nikahesabu hadi saba, hadi ishirini, hadi mia moja. Kimya. Shangazi akanong'ona kana kwamba kuna mtoto amelala, "Imelala?" Ilikuwa imelala.

Hapo tulijua kwamba mhalifu ni programu mojawapo iliyoingizwa na mtu. Lakini ni ipi? Wakati wa kuzima niliwahi kuona rangi ya buluu ikipita kwenye kiwambo upesi kama radi, haisomeki. Nikakumbuka maneno ya Mwalimu kuhusu ajali.

Jaribio la tano, basi, lilikuwa kuiondolea mashine ile amri ya kujificha. Katika mipangilio ya mfumo kuna kisanduku chenye alama ya tiki kinachoagiza tarakilishi ijianzishe upya yenyewe kila inapopata hitilafu. Nikaiondoa tiki. Tukazima kwa njia ya kawaida. Safari hii ile buluu haikupita. Ilisimama. Kiwambo kizima kilikuwa buluu, na maandishi meupe yakisema kwamba draiva fulani imegusa mahali pa kumbukumbu isipopaswa kugusa. Chini yake kulikuwa na jina la faili. Shangazi alilisoma polepole, akakunja uso, akasema, "Hili jina nalijua."

Ilikuwa ni draiva ya programu ya kuzuia virusi. Aliyemuuzia kipakatalishi alikuwa ameiweka mwaka ule wa 2022. Muda wake wa kulipiwa ulikwisha, Shangazi akaweka nyingine, na ile ya zamani hakuna aliyeiondoa. Nilimweleza hivi: ni kama ulimwajiri mlinzi, mkataba ukaisha, ukaajiri mwingine, lakini yule wa kwanza hukumnyang'anya ufunguo wa geti. Kila usiku mlinzi mpya akienda kufunga, yule wa zamani naye anakuja na ufunguo wake. Wanakanyagana, geti linaachwa wazi.

Tuliiondoa ile programu ya zamani, tukaianzisha mashine upya, kisha tukazima. Saa nne kasoro za usiku taa ilizimika. Hatukuamini. Tuliketi mbele ya kiwambo cheusi kama watu wanaotazama mpira. Shangazi akakitia mkobani, na safari hii akauacha mkoba sebuleni, kando ya godoro langu. Hakusema kwa nini. Mimi nilielewa.

Asubuhi kilikuwa baridi kama mtungi. Betri ilikuwa asilimia 99. Simu ya Jumapili ilipigwa kweli, lakini Baba aliulizwa kuhusu mahindi na mvua tu. Tarehe 30 Juni Shangazi aliketi chini ya mwarobaini hadi betri ilipoisha kwa kazi ya halali, na jioni akaniletea daftari jipya la kurasa 200. "Andikia hizo dawa zako," akasema. Kwa Shangazi, hilo ni zaidi ya samahani.

Sasa, wasomaji wenzangu, nina machache ya kuwausia.

Kwanza, mashine yako ikikataa kuzimika, usifunge kifuniko na kuondoka. Itazame. Kipakatalishi kinachofanya kazi ndani ya mkoba hakipati hewa, na joto humaliza betri na kuchosha vyombo vya ndani.

Pili, anza na yale yasiyo na gharama. Kuchomoa waya ni bure, kushikilia Shift ni bure, kuingia hali salama ni bure. Fundi aje mwisho, na akija mpe daftari lako asome. Fundi mzuri atalifurahia. Fundi mbaya ataona kwamba hapa hapadanganyiki.

Tatu, usiweke walinzi wawili wa virusi katika mashine moja. Ukibadilisha, ondoa wa kwanza ndipo umwingize wa pili. Hata Windows 10 iliyokuwa katika mashine ya Shangazi ilikuja na kinga yake yenyewe.

Nne, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ile amri ya kujianzisha upya haikuwekwa kwa ubaya. Iliwekwa ili mtu asisumbuliwe na kiwambo cha buluu na aendelee na kazi yake. Lakini kwetu ilifanya kazi ya mtu anayefunika kidonda kwa kitambaa safi. Mashine ilianguka kila usiku, ikajifuta vumbi, ikasimama mlangoni ikitabasamu. Laiti ingelia mara moja tu mbele yetu, tungeiponya siku ya kwanza. Kwa vile haikulia, lawama ilitafuta mtu wa kumkalia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.

Nimeona jambo hilohilo miongoni mwetu. Kuna wanaoshindwa na hesabu na kunakili kila asubuhi ili daftari lipendeze. Kuna wanaokuja na njaa na kusema wameshiba. Kila siku tunajianzisha upya, na kengele ya kwanza inatukuta tukiwa wazima. Mwalimu anaona mwanafunzi mvivu, mzazi anaona mtoto jeuri, lakini draiva iliyovunjika haionekani. Mwenzako akionekana kukosea jambo lilelile kila siku, kabla hujamwita mwongo, keti naye mkitazame kiwambo pamoja kwa sekunde saba. Na wewe unayeumia, iondoe ile tiki. Acha buluu isimame, mtu alisome lile jina.

Kwa hayo machache namshukuru Mwalimu wetu wa Kompyuta ambaye hakucheka, na mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliyeniambia kwamba hata tarakilishi ina methali yake. Shangazi anawasalimu. Anasema mwenye barua ya kuchapisha aje, mashine inalala usiku na mchana inafanya kazi.